Upinde wa Mvua Usio na Maneno

Himi, 6 Juni 1994

Kwa Bwana Teizo Kuroe,
Duka la Santuri Kuukuu, Kanazawa

Mvua za Juni zimeanza, na natumaini wewe na wa nyumbani kwako hamjaota ukungu. Naitwa Kiyono Hamade, nina saluni ya nywele huku Himi. Hatujuani. Jina lako nimelipata kwa mteja wangu Bi Okuda, ambaye mumewe huja kununua santuri kwako kisha humwambia mkewe alikwenda kung'oa jino. (Bi Okuda anajua. Anasema kama ni kweli, basi mume wake sasa hana hata jino moja.) Kwa maneno yake, hakuna wimbo uliowahi kupigwa redioni usioujua wewe. Ndiyo maana nakusumbua.

Mama yangu, Shigeyo, alipata kiharusi mwezi Machi. Mkono wa kulia hauna nguvu, na maneno yamemkimbia yote. Anaelewa kila kitu. Ukisema jambo la kuchekesha anacheka kabla yako. Lakini akitaka kujibu, kinywa kinafunguka na hakitoki kitu. Kinachotoka ni wimbo tu, tena anauimba midomo imefumbwa: mm, mm, mm. Ni kipande kilekile kila siku. Kisha anakatika ghafla, anakodoa macho mlangoni kama mtu anayengoja mgeni. Baada ya hapo anakata tamaa na kugeukia dirisha.

Nilimuuliza ni wimbo gani. Alichora kitu hewani kwa mkono wa kushoto, kikapanda na kushuka. Mwalimu wa matamshi pale hospitali, kijana mmoja mpole aitwaye Ueno, akamtandikia kadi zake za picha. Mama akaruka mbwa, akaruka treni, akaruka bakuli la wali, akakiweka kidole juu ya upinde wa mvua. Tulimrudisha mara kadhaa, na kila mara ni upinde wa mvua.

Mwalimu Ueno anasema watu waliopotewa na usemi wanaweza wakaimba maneno wasiyoweza kuyasema, na maneno yakishapata njia, mengine huanza kuyafuata. "Nitafutie huo wimbo na maneno yake," ameniambia. "Bila hivyo tunagonga ukuta." Mwisho wa Julai hospitali itaamua. Mama akitamka lolote, atabaki na masomo yake. Asipotamka, atahamishiwa nyumba ya wagonjwa huko milimani, na huko hakuna mwalimu wa matamshi. Watamlisha na kumgeuza tu. Sitaki, Bwana Kuroe. Mama yangu ni mtu wa kuongea.

Nimemrekodi. Kaseti imo humu. Huo ni wimbo gani?

Wako kwa heshima,
Kiyono Hamade


Kanazawa, 10 Juni 1994

Bi Kiyono,

Naruka salamu za mvua. Inanyesha, kila mtu anaona.

Kwanza, mwambie Bi Okuda kwamba mumewe ni mteja mzuri na meno yake ni salama. Pili, pole kwa mama. Tatu, umeniingiza msituni! Upinde wa mvua? Watu wa nchi hii wakiuona tu, mmoja anakimbilia gitaa. Nina rafu nzima ya nyimbo hizo, na mvua ikikolea ndipo zinaponunuliwa. Jua likiwaka hakuna anayeziulizia. Ukinieleza kwa nini, nitakupa santuri bure.

Kuna jambo jingine linalonikera miaka na miaka, na nadhani wewe unaweza kulipenda. Hakuna hata wimbo mmoja kati ya hizo unaouimba upinde wenyewe. Sikiliza vizuri. Hakuna mtu anayeuambia, "Ewe upinde, u mzuri, basi kwaheri." Wote wanamgeukia mtu mwingine: toka nje, angalia, unauona huko uliko? Upinde unadumu kitambo kidogo mno, na badala ya kuutazama, mtu anaanza kumtafuta mwenzake wa kumwonyesha. Mbona hatufanyi hivyo kwa mwezi? Mwezi mtu anautazama kimya na kikombe chake cha pombe ya sake mkononi.

Sasa kazi. Kipande cha mama yako ni cha ajabu. Kinatambaa chini chini, hakipandi, halafu kinakatika pasipo na mwisho. Sijawahi kukisikia, na hilo halijanitokea tangu nifungue duka. Usiogope. Nimekurekodia nyimbo zangu za upinde za ujana wa mama yako, ikiwemo ile ya mwimbaji Mihoko Tachi na za wenzake wa wakati huo. Mpigie, umtazame usoni. Uso hauwezi kudanganya. Nipe wiki moja na wimbo utakuwa na jina, au mimi si Kuroe.

Teizo Kuroe


Himi, 17 Juni 1994

Bwana Kuroe,

Asante sana kwa kaseti. Kuhusu swali lako, saluni nzima imelijadili. Bi Okuda, kichwa kikiwa na vibanio vya kutia mawimbi, alisema, "Mtu akinunua wimbo wa upinde wakati wa mvua, ananunua kama anavyonunua mwavuli. Nani ananunua mwavuli jua likiwaka?" Santuri yake mpe mumewe, asije tena na habari za jino.

Mimi nadhani mwezi unarudi kesho, kwa hiyo huna haraka ya kumwita mtu. Upinde hauna kesho.

Habari za Mama si nzuri. Wimbo wa kwanza aliusikiliza huku akila uji. Wa pili alisinzia. Wa tatu, ule wa Mihoko Tachi, "Njoo Dirishani", ulimuudhi vibaya sana. Alianza kugonga chuma cha kitanda kwa kidole, ta, ta, ta, kwa nguvu mpaka muuguzi akaja mbio akidhani anaita msaada. "Mama Shigeyo, vipi? Unaumwa wapi?" Nikazima haraka. Mama akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu nilipovunja birika la chai la bibi. Kisha akageukia ukutani, na siku ile hakuimba tena. Kwa hiyo huo tuufute. Zilizobaki hazikumgusa.

Ninachojiuliza mimi ni hiki: wimbo ameutoa wapi? Mama hajawahi kuimba! Sherehe zote za mtaani, karaoke ikianza, watu wanamsukumia kipaza sauti, naye anakipitisha kwa jirani na kuanza kukusanya sahani. "Mimi nyimbo siziwezi," ndilo jibu lake. Hata mimi hakunibembeleza kwa wimbo, alinihesabia samaki. Kabla ya kuolewa alikuwa msichana wa kiwanda cha nguo huko Ichinomiya, lakini habari za huko hazitoi. Ukimuuliza anasema, "Kulikuwa na vumbi."

Nakutumia dagaa wakavu wa hapa kwetu. Ni wazuri kwa supu. Tafadhali usichoke.

Kiyono Hamade


Kanazawa, 25 Juni 1994

Bi Kiyono,

Dagaa wamefika. Asante.

Nimepindua duka. Nimesikiliza santuri ambazo hata panya walikuwa wamezisahau. Nimekisikiliza kipande cha mama yako dukani, njiani, na mahali pengine ambapo si lazima upajue. Nitakwambia ukweli kama mtu wa kazi: wimbo huo haupo.

Wimbo wa redio una sura. Unaanza, unapanda, mtu analia, unashuka. Hiki hakina kichwa wala miguu. Nadhani ugonjwa umemkorogea na muziki pia. Anaanza wimbo huu, anaangukia katika ule, anapotea, ndiyo maana anakatika. Kidole juu ya kadi huenda ni kwa sababu kadi ina rangi nzuri.

Usijitese. Pengine huko milimani hewa ni safi.

Teizo Kuroe


Himi, 28 Juni 1994

Bwana Kuroe,

Hewa ni safi kila mahali ambapo mtu hasemi.

Mama yangu hajakorogeka. Anaimba kipande kile bila kukosea hata nukta, kila siku sawasawa, na kila siku anakatika palepale. Mtu aliyepotea hapotei mahali pamoja kila siku! Mimi sijui muziki, najua nywele, lakini hilo naliona.

Daktari naye ameanza kusema kama wewe. Jana alinipa karatasi za ile nyumba ya milimani nizisome. Nimezifunika kwa taulo za saluni nisizione.

Kaseti zako hizi hapa. Samahani kwa usumbufu wote.

K. Hamade


Kanazawa, 2 Julai 1994

Mpendwa Kiyono,

Hunijui. Mimi ni Nobue, mke wa huyo mzee aliyekuandikia upuuzi. Salamu za majira nitakupa mwisho, maana nina haraka.

Nilijua kuna jambo tangu dagaa walipofika. Mume wangu aliwaficha chini ya masanduku dukani. Mwanangu, nani anaweza kuficha dagaa? Nilipomuuliza akasema ni zawadi ya mteja, akawa mwekundu. Nikawaza, Nobue, umri huu umepata mke mwenza wa Himi! Nilianza kumchunga. Nikaona kila baada ya chakula anaingia kabati la magodoro na kinasa sauti, anafunga mlango.

Jana nilikuwa napiga pasi. Yeye yumo kabatini. Kupitia mlango ule wa karatasi nikasikia: mm, mm, mm. Sikuwa nafikiri kitu, nilikuwa na kola ya shati mkononi. Sauti ilipokatika, mdomo wangu ukafunguka wenyewe na nikaimba:

"Mvua imekwisha, njoo dirishani,
kuna kitu kimesimama juu ya paa zetu..."

Mlango wa kabati ukafunguka. Mume wangu akatoka kwa magoti, blanketi likiwa kichwani.

"Umeimba nini?"

"Kile kinachofuata," nikamwambia. "Mbona umejifungia na kwaya yetu?"

Akanipa barua zako zote nikazisoma. Kiyono, sikiliza. Ujana wetu, kila kiwanda kilikuwa na kwaya yake ya wasichana. Mimi nilikuwa kiwanda cha hariri hapa Kanazawa, mama yako Ichinomiya, na vijitabu vya nyimbo vilizunguka nchi nzima. Wimbo wa Mihoko Tachi ulipovuma redioni, ukapangwa kwa ajili yetu kwa sauti mbili. Tuliuimba wote, mwaka mzima, mpaka wasimamizi wakatuomba tupumzike. Katika mpango ule, sauti ya chini inaanza peke yake, midomo imefumbwa, mm, mm. Kwenye santuri hakuna hicho kipande kabisa. Kisha sauti ya chini inanyamaza, sauti ya juu inaingia na maneno. Mistari miwili. Halafu ya chini inajibu.

Mama yako ni sauti ya chini. Hakatiki hata kidogo! Anafika mwisho wa sehemu yake, ananyamaza kama alivyofundishwa, anawangoja wenzake wa juu waingie. Na hakuna anayeingia. Kila siku anawangoja, hawaji.

Na siku ile alipogonga kitanda, hakuudhika. Alikuwa anahesabu mapigo, anajiandaa kujibu, nawe ukazima. Ungekuwa yeye, ungemtazama binti yako kwa jicho gani?

Kuhusu karaoke, nitakwambia kitu ambacho kimenifanya nilie juu ya lile shati la pasi. Sisi wa sauti ya juu ndio tuliokuwa na wimbo. Tuliondoka pale, tukaolewa, tukaendelea kuuimba jikoni na kwenye sherehe. Wale wa chini walikuwa na nusu tu. Ukiimba sauti ya chini peke yako, hakuna anayeitambua, watu wanadhani umekosea. Tuliwaacha hivyo, na sikuwahi kuliwaza mpaka jana.

Usimkasirikie sana mzee wangu. Jana nilimbana aniambie kwa nini mtu aliyezeeka kati ya santuri hakufikiria kwaya. Akazungukazunguka, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia katika ndoa yetu yote. Shuleni mwalimu alimwambia, "Kuroe, wewe fungua mdomo tu, sauti usitoe." Akasimama mstari wa nyuma miaka yote akifungua na kufunga mdomo kama samaki. Kwa hiyo anajua nyimbo zilivyo kwa anayesikiliza. Zilivyo kwa aliye ndani yake, hajui. Sasa amekaa pembeni yangu, anakunywa supu ya dagaa wako, anajifanya hasomi.

Usimpigie santuri. Ina kasi nyingine na imeanzia juu mno kwake. Nimekurekodia sauti ya juu kwenye kaseti hii. Sauti yangu imekwaruza, nisamehe, ila mapigo ni yenyewe. Jifunze. Kisha kaa mbele yake, mwache aanze yeye. Akinyamaza, ingia. Ukimaliza mistari yako miwili, nyamaza na wewe, umngoje.

Sikwambii sauti ya chini inajibu nini. Usije ukamsaidia.

Mvua zikiisha huko kwenu, zitakuwa zimeisha na huku.

Nobue Kuroe

(Bi Kiyono. Lile neno la hewa safi nalifuta. Na swali langu la upinde sasa nimelijibu: waimbaji wanamwita mtu kwa sababu wimbo umepangwa kwa watu wawili. Nimeziuza nyimbo hizo maisha yangu yote nikisikia nusu. T. K.)


Himi, 11 Julai 1994

Mama Nobue,

Nisamehe kwa kukuita hivyo kabla hujaniruhusu.

Kaseti yako nimeipiga saluni mpaka imelegea. Nilijifunza nikiwa nakata, nikiwa naosha, nikiwa nafagia. Bi Okuda alisema, "Kiyono, nimekuja kutengeneza nywele, si kuombolezewa." Kumbe sauti yangu ni mbaya kiasi hicho. Lakini wateja wawili wa umri wenu waliokaa chini ya mashine za kukaushia walianza kuimba na mimi bila kuambiwa. Wote wa juu. Nikawauliza kama wanakumbuka sauti ya chini ilikuwa inaimba nini. Hakuna aliyekumbuka.

Leo mchana nilikwenda hospitali. Mwalimu Ueno alikuwepo, na daktari alipita kuniuliza kuhusu zile karatasi za milimani, zilizokuwa mkobani mwangu. Nikamwambia anisubiri kidogo. Akasimama mlangoni akitazama saa yake.

Nilikaa mbele ya Mama. Nikamwambia, "Mama, mimi ni wa juu." Nilidhani hajaelewa, kisha nikaona kidole chake cha kushoto kimeanza kugonga shuka, taratibu. Akafumba midomo.

Mm, mm, mm. Kipande chote, mpaka pale anapokatika. Akanyamaza, akakodoa macho mlangoni kama kawaida yake.

Nilitakiwa kuingia, nami nikashindwa. Kidole kiligonga, kikagonga tena, na nikaona uso wake unaanza kuanguka kama siku zote. Nikaingia kwa kuchelewa, kwa sauti ya kukwama, nikakimbiza maneno ili nimfikie: mvua imekwisha, njoo dirishani, kuna kitu kimesimama juu ya paa zetu. Nikanyamaza.

Mama akageuza macho kutoka mlangoni akayaleta kwangu. Akavuta pumzi, mabega yakapanda kama ya msichana aliyesimama mstarini. Akaimba:

"Nami nimeuona. Nami nimeuona. Hapa nilipo, nami nimeuona."

Maneno, Mama Nobue! Maneno kamili, yenye herufi, kwa sauti nzito ya chini ambayo sijawahi kuisikia maishani mwangu, na nimeishi naye maisha yangu yote. Mwalimu Ueno aliangusha kadi zake. Daktari alikuwa amesahau saa. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Mama Shigeyo," akasema Mwalimu Ueno polepole, "umesema nini?"

Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, akainua kile kidole, na midomo ikahangaika, ikahangaika, ikatafuta. Kisha neno likatoka, bila wimbo wowote, kavu kama anavyonigombeza tangu utoto:

"Usikimbie."

Daktari amechukua karatasi zake mwenyewe, sikumwomba. Atabaki, Mama Nobue. Atabaki na masomo yake.

Nilitaka nimkumbatie, nilie, nimuulize habari za Ichinomiya na vumbi lake, nimuulize kwa nini hakuniambia. Hakunipa nafasi. Alikwishafumba midomo, anaanza upya, kidole kinagonga, na zamu yangu ilikuwa inakaribia.

Wako,
Kiyono